Mashati ya Bukuru

Juzi niliingia dukani kutafuta kitambaa cha mapazia. Muuzaji akafungua bunda la vitenge vipya mbele yangu, na harufu ikanipiga usoni. Wenzangu mliokulia karibu na cherehani mnaijua, ile harufu ya kitenge kisichofuliwa bado, ya rangi na nta, na kwa mbali kidogo ya mafuta ya taa. Nilisahau mapazia. Nilisimama pale nikinusa kama mwehu, mpaka muuzaji akadhani natafuta kasoro na kuanza kuapa kwamba mali yake ni halisi. Mwishowe nikanunua vipande viwili vya kitenge kimoja, ambavyo sina kazi navyo. Viwili, kwa sababu nyumbani kwa mama yangu kitenge kilikatwa mara mbili, na mkono wangu haujajifunza namna nyingine.

Mama alikuwa fundi cherehani Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo mwendo wa basi kutoka Lilongwe, kwenye uwanda wa vumbi jekundu na upepo wa baridi usio na huruma. Alishonea kibandani mbele ya nyumba yetu ya matofali mabichi, utepe wa kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, miguu ikikanyaga pedali tangu asubuhi. Alishona sare za kwaya, alishona magauni ya harusi, alishona viraka juu ya viraka. Watu walimwita Mama Bukuru. Sijui kama nimewahi kusikia mtu akimwita Mama Butoyi, ingawa Butoyi ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale pembeni nikimchomekea uzi sindanoni.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu inabidi nieleze. Mama ni mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, lakini baba yangu, ingawa alizaliwa Uvira, ukoo wake ulitoka Burundi, na kwao mapacha hawachaguliwi majina. Aliyetangulia kutoka tumboni ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi, awe wa kiume au wa kike, na hakuna wa kubishana. Sisi Bukuru alikuwa wa kiume, mimi wa kike. Kwa hiyo mtu yeyote wa pande zetu akisikia jina langu haambiwi zaidi. Anajua papo hapo kwamba tuko wawili, na swali linalofuata ni moja tu.

"Bukuru iko wapi?"

Waliuliza wote. Aliuliza mchungaji, waliuliza wanawake wa foleni ya unga, waliuliza hata Wanyarwanda, maana kwao nako mapacha wana majina yao yanayokaribiana na yetu. Aliyewazidi wote alikuwa Koko Nabintu, jirani yetu, bibi mzee ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Aliniuliza nikipita na ndoo kwenda kisimani, na nikirudi ndoo ikiwa kichwani aliniuliza tena.

"Butoyi mutoto yangu, Bukuru iko wapi?"

Mimi nilikaza macho chini. Mama ndiye aliyejibu, bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Tunamutafuta, Koko."

"Bon, vizuri. Mumutafute," Koko alisema, akarudi kwenye mkeka wake akiwa ameridhika.

Habari yenyewe niliipata kwa vipande, kama watoto wa vita wanavyopata habari zao. Baba alikuwa amefariki kwa ugonjwa kabla ya vita. Mapigano yalipofika Uvira, mama alitukimbiza kuelekea kwao Fizi, na huko nako kukachafuka, tukaishia ufukweni mwa ziwa pamoja na umati uliogombea mitumbwi ya kuvukia Tanzania. Mimi nilikuwa na homa, kwa hiyo nilikuwa mgongoni. Bukuru alikuwa mzima, kwa hiyo alitembea, na kovu lake la kidevuni alilolipata kwa kujigonga kwenye chuma cha cherehani. Mtumbwi ulipokaribia, watu waliokuwa ndani wakanyoosha mikono wakampokea yeye kwanza, na kabla mama hajainua mguu, ulikuwa umejaa na umesukumwa. Mtu akapaza sauti kwamba tufuate na unaokuja. Tulifuata na uliokuja, ukatushusha mahali pengine kabisa. Mama alizunguka Kigoma akimuulizia mwanawe hadi sauti ikamkauka, ndipo mtu mmoja akamwambia kwamba watu wa mtumbwi ule walipanda malori kwenda kusini, Malawi. Akawafuata. Ndivyo tulivyofika Dzaleka, na Dzaleka Bukuru hakuwepo.

Kichwa changu cha kitoto kiliyaunganisha hayo kwa namna yake. Mgongo wa mama ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na aliyeipata nafasi ile ni mimi. Basi kila waliponiuliza Bukuru yuko wapi, nilisikia sauti ile anayoulizwa nayo mtoto juu ya kikombe kilichovunjika. Niliamini kambi nzima inajua kwamba nilikaa mahali pa mwenzangu, na kwamba wananiuliza kwa upole kwa sababu tu ni watu wa kanisa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, na nilijiaminisha vizuri.

Halafu kulikuwa na mashati. Kwetu pacha mmoja hapewi kitu peke yake. Mgeni akileta andazi moja anaonekana hana adabu, na mama akimshonea mmoja sharti amshonee na mwingine. Mama hakuona sababu ya kuiacha desturi hiyo eti kwa kuwa mmoja hayupo. Kila aliponikatia gauni, katika kitenge kilekile alikata na shati la mvulana. Kwa kuwa hakujua Bukuru amefikia urefu gani, alisimama kibandani akawaangalia wavulana wa rika letu wakipita, akamwita mmoja na kumpima mabega. "We kuja hapa. Simama vizuri." Shati likiisha lilikunjwa na kuwekwa kwenye sanduku, na Bukuru asipotokea hadi nguo mpya zishonwe, shati la zamani alipewa mvulana yeyote liliyemtosha.

Fikirini mambo hayo kwa msichana anayeanza kuota chunusi. Ningetoka kanisani na gauni langu la maua ya zambarau, na pale uwanjani anatokea kijana fulani, simjui wala hanijui, amevaa maua yaleyale ya zambarau. Wenzangu hawakuniachia. "Butoyi, bwana yako ule anapita! Harusi njo lini?" Kuna mwaka nilikuwa na mabwana watatu katika bloku moja. Sasa nacheka, lakini wakati ule nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia mama aache. Nilimwambia kwamba watu wanatucheka, na kwamba kitambaa kinaharibika bure. Hakunigombeza. Alisema tu, "Atakuja hana nguo," akaendelea kushona.

Nilipomaliza shule ya msingi kambini, mdogo wake mama akaniita Lilongwe. Huyo tulimwita Tante Espe. Aliishi Kawale, karibu na mji wa zamani, na alikuwa na meza ya nguo za mitumba, ambazo Wamalawi wanaziita kaunjika. Mwanamke wa haraka, mcheshi, aliyejua bei ya kila kitu. Alikuwa amepata nafasi ya kunisomesha, nami ningemsaidia mezani baada ya masomo. Mama alinipa gauni jipya, akanipa na baraka zake, nami nikapanda basi moyo ukinidunda kwa furaha ambayo sikutaka aione.

Siku ya kwanza shuleni msichana aliyekaa karibu nami aliniuliza jina kwa Kichewa. "Dzina lako ndani?" Alikuwa anaitwa Chisomo, ana sauti nzito na meno yenye pengo, na aliniangalia bila kujua lolote juu yangu. Nikamjibu, "Blessings." Lilitoka lenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeliona limeandikwa kwenye bango la kinyozi njiani. Malawi hilo ni jina la watu wengi, wanawake kwa wanaume. Chisomo alisema ana binamu anaitwa hivyohivyo, na mazungumzo yakahamia kwenye mwalimu wa hesabu. Hakuniuliza mwenzangu yuko wapi, maana Blessings hana mwenziwe.

Sijui niwaelezeje wepesi ule. Tante Espe hakuona ubaya. "Mutoto akuwe na jina ya hapa, atafanya nayo biashara," alisema. Nilivua gauni la kitenge nikalikunja chini ya godoro, nikachagua mezani kwa Tante suruali ya jinzi iliyochakaa magotini. Nilinyoosha nywele. Nilijifunza Kichewa cha mtaani kwa bidii ambayo sijawahi kuifanyia kitu kingine, mpaka nikawa nalijua hata guno la Wamalawi, lile la kukubali na lile la kudharau. Pale Kawale kila mtu wa Maziwa Makuu, atoke Kongo au Rwanda, anaitwa Mburundi, na nilikuwa nimechoka kuitwa hivyo na watu wa nje huku wa ndani wakiniita nusu ya kitu. Mimi na Chisomo tulitembea sokoni tumeshikana mikono, tukatazama viatu tusivyoweza kununua, tukasimama nje ya kibanda cha video kusikiliza muziki, tukapanga maisha. Yeye angekuwa mtangazaji wa redio. Mimi sikuwa na uhakika, ila nilijua nitakuwa mtu mmoja, kamili, asiyedaiwa ndugu.

Katika soko lile alikuwepo mwanamke muuza dagaa, Mama Furaha. Alikuwa Mrundi, aliyekuja siku si nyingi kutoka kambi moja ya Kigoma, na alikuwa anajifunza Kichewa kwa kuokoteza sokoni. Nilinunua dagaa kwake karibu kila siku, kwa kuwa Tante Espe hakupenda za mwingine. Alimsikia Chisomo akiniita Blessings, akaniweka katika kundi la Wamalawi, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia kama nimefaulu mtihani. Kwa miezi tulisalimiana hivyo, mkimbizi kwa mkimbizi, kila mmoja akijikongoja kwa Kichewa chake. Mwenzangu akitafuta neno la "mbichi" mimi namwelekeza kwa majivuno, na Kiswahili sote tumekificha mfukoni. Aliniongezea dagaa kiganja kimoja kila mara. Alisema, kwa Kichewa chake cha kuvunjikavunjika, kwamba nina adabu kwa msichana wa mjini.

Lakini raha ile ilianza kupungua, na sikujua kwa nini. Nyumbani kwa Chisomo, mama yake alipopakua nsima, ugali wao, alihesabu vichwa bila kufikiri na sahani zikatosha. Nilikula pale mara nyingi. Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa bombani nafua nguo za Tante, watu wanapiga soga nyuma yangu kwa Kichewa, jua zuri, sina shida yoyote. Nikalishika lile gauni langu la kitenge la kutoka nyumbani, nikalitumbukiza majini, na nikasikia sauti inasema, "Bukuru iko wapi?" Nilikuwa ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha kwetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza. Maisha yangu yote nilikuwa nimeulizwa, na kwa kuulizwa sana sikuwahi kupata nafasi ya kutaka kujua. Huko mjini, ambako hapakuwa na mtu wa kuniuliza, swali lilinibaki mimi mwenyewe, na likawa limenikaa vibaya kifuani. Nilitaka kujua yuko wapi. Nilitaka sana, nikafua kwa nguvu mpaka rangi ikatoka.

Wiki chache kabla ya Pasaka, mama akaja Lilongwe bila kututaarifu. Alikuja na gauni langu la sikukuu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunikuta nyumbani, akaelekezwa sokoni. Mimi nilikuwa nimesimama na Chisomo karibu na meza ya dagaa, nimevaa jinzi yangu, tunacheka kitu nisichokikumbuka.

"Butoyi!"

Niliijua sauti ile kabla jina halijaisha. Mama alikuwa upande wa pili, kati ya wauza nyanya, amejifunga kitenge kichwani, utepe wa kupimia shingoni. Na mimi, badala ya kugeuka, nikajifanya nimependa sana rundo la vitunguu.

"We Butoyi!"

"Akuitana ndani?" Chisomo akaniuliza, yule mama anamwita nani. Nikamjibu sijui.

"Butoyi! Masikio yako iko wapi? Butoyi weee!"

Mama yangu aliwahi kuongoza kwaya. Soko lote likageuka. Na hadi leo, wenzangu, namshukuru Mungu kwa ukaidi ule, kwa maana ningeitika mara ya kwanza angeniita mara moja tu, na Mama Furaha alikuwa ameinama nyuma ya meza anafungua gunia. Aliponyanyuka ndipo aliposikia.

"Mama, samahani," alisema kwa Kiswahili. "Unamuita Butoyi gani?"

"Njo ule mutoto yangu pale. Anajifanya kiziwi."

Mama Furaha akanitazama. "Ule? Ule si Blessings? Ule ni Mumalawi!"

"Mumalawi wa wapi? Nilimuzaa Uvira, mi mwenyewe."

Uso wangu ulikuwa unawaka. Mama Furaha alinikagua kuanzia kwenye nywele zilizonyooshwa hadi kwenye magoti yaliyochakaa, akatikisa kichwa, akacheka. "Eeh! Na miezi yote hii nateseka na Kichewa juu yako!" Kisha kicheko kikaisha, na akamgeukia mama na lile swali. "Sasa kama huyu ni Butoyi, Bukuru iko wapi?"

"Tunamutafuta," mama akajibu, kama alivyojibu siku zote.

Mama Furaha hakusema bon. Aliweka chini kikombe chake cha kupimia dagaa. "Ngoja, mama. Kule kambi yetu ya Kigoma kuko kijana anaitwa Bukuru. Analelewa na mama moja ya muji ya Baraka, kule Fizi. Alimupokea ku mutumbwi akiwa mutoto kidogo sana. Bantu bote banamuulizaka Butoyi iko wapi. Ye anajibuka tu, iko na mama."

Chisomo alikuwa amenishika mkono, haelewi kitu.

"Iko na kovu?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Hapa." Mama Furaha akagusa kidevu chake.

Nilidhani mama ataanguka. Nilidhani atapiga yowe, au atapiga magoti kuomba, kama wanavyofanya kanisani kwetu. Akauliza swali la fundi. "Urefu yake inafika wapi?"

Mama Furaha akafikiri, akaweka kiganja chake cha mkono sawa na sikio lake mwenyewe, kama anaegemeza kitu hewani. Mama akauvua utepe shingoni. Akainama katika tope la soko la Kawale, akaibana ncha kwa kidole cha mguu, akauvuta utepe juu taratibu hadi kwenye mkono wa yule mwanamke, na akasoma. Wauza nyanya walikuwa wamesimama wanatazama. Alisoma mara ya pili.

"Nilizidisha," akasema. "Mashati yote nilizidisha." Akacheka. Alicheka hadi akaketi chini kati ya magunia ya dagaa, na kicheko kikageuka kilio bila mtu kuona kilipogeukia, Mama Furaha akaketi naye akamshika.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na lile jibu. Iko na mama. Kwa miaka yote niliyojiona mwizi wa mgongo, huko ng'ambo alikuwepo mtu anayeulizwa habari zangu, na alikuwa akijifariji kwa kusema kwamba mimi niko mahali salama. Hakuwahi kunidai kitu. Na wale wote wa Dzaleka, na foleni ya unga, na Koko kwenye mkeka wake, hawakuwa wakinilaumu. Walikuwa wakitutafutia. Kila aliyeuliza na kujibiwa aliondoka na jina la Bukuru kichwani, akaenda nalo kwenye kisima kingine, kanisa lingine, soko lingine. Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakuchoka kujibu na hakukubali jina libadilike. Nililia kwa furaha na aibu kwa pamoja, na sikujali jinzi yangu ilipogusa tope.

"Ndi amayi ako?" Chisomo akaninong'oneza.

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mama yangu. Nikamwambia na jina langu. Aliuliza maana yake, nikamweleza kwamba maana yake tuko wawili, na huyo mwingine ni mkubwa wangu. Chisomo, ambaye hakuzaliwa kwetu na hakujua desturi yetu hata moja, akauliza papo hapo, "Ali kuti?" Yuko wapi? Nikamjibu, "Kigoma." Utamu wa neno hilo mdomoni siwezi kuueleza.

Haikuwa rahisi kumleta. Kongo vita vilikuwa bado vinanguruma, na mkimbizi kuvuka mpaka ni mambo ya kuomba hiki na kungoja kile. Habari zilikwenda na wafanyabiashara, zikarudi na wachungaji, zikapotea njiani, zikaanza upya. Mvua zikapita. Mimi niliendelea na shule Kawale, nikiitwa Butoyi na nusu ya darasa na Blessings na nusu nyingine, na nikaitika kote. Mama Furaha alininyima Kichewa kabisa, kila siku Kiswahili, na kiganja cha nyongeza kikawa viwili.

Siku Bukuru alipofika, nilikuwa nimerudi Dzaleka kumngoja. Alishuka kwenye basi la Karonga njia panda, na pamoja naye alishuka Mama Sifa, mama yule wa Baraka aliyemlea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekataa kumkabidhi mtoto kwa mtu wa kati. Bukuru alikuwa na kovu lake na sauti inayopasuka katikati ya maneno. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili. Kisha Bukuru akanigeukia, tukatazamana, hatujui pa kuanzia.

"Kumbe wewe ni mrefu kuliko mimi," akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha Kigoma.

"Ndiyo."

"Lakini mimi ndiye mkubwa."

"Mukubwa ya wapi?" nikamjibu, na ndivyo tulivyoanza, na hadi leo hatujamaliza ubishi huo.

Mama alifungua sanduku akatoa shati alilolizidisha la Pasaka ile, la kitenge kilekile cha gauni langu la sikukuu. Mikono ilimfunika hadi vidoleni. Alitaka kulirekebisha, mkasi ukiwa tayari mkononi, akaghairi, akamkunjia mikono tu. "Atakua," akasema. Usiku huo alikaa na Mama Sifa mkekani, akamuuliza jambo moja, kama ndugu zake hawakumshauri ampe mtoto jina la kwao ili aache kuulizwaulizwa. Mama Sifa alisema walimshauri sana. "Lakini nikibadilisha jina, mama yake atamuulizia kwa jina gani?" Kesho yake mama akakata kitenge kile mara ya tatu, akamshonea Mama Sifa gauni, na kwa wiki zote alizokaa kwetu kambi ilikuwa na Mama Bukuru wawili. Sijawahi kuona wanawake wawili wakiheshimiana vile, na kila nikikumbuka nasema asante, kwa wote wawili, ingawa ni Mama Sifa tu anayeweza kunisikia sasa.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Jioni ile ya kwanza nyumba ilijaa, watu wanaingia na kutoka, mama amepika bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, na Bukuru ameketi kati yao anakula mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Nilitoka nje kupunga hewa. Koko Nabintu alikuwa anakuja taratibu na fimbo yake, kelele zimemvuta, hajui za nini. Akaniona mlangoni.

"Butoyi mutoto yangu," akasema, "Bukuru iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza hapo Dzaleka nilimjibu mwenyewe.

"Iko ndani, Koko. Anakula."

"Bon," akasema Koko. "Ashibe."

Kesho yake asubuhi, nikipita na ndoo, aliniuliza tena. Nikaitua ndoo chini, nikamjibu tena.